Paka Hakuhama

Asubuhi ambayo tingatinga lilikuja Mwakirunge, Lewa alikuwa anatafuta ndara yake ya kushoto. Alishatafuta chini ya kitanda cha kamba, nyuma ya mtungi wa maji, na kwenye matuta ya mihogo ambako mchanga ulikuwa umefukuliwa upya. Ya kulia ilikuwa pale pale kizingitini alipoivua jana. Ya kushoto ilikuwa imekwenda na mbwa.

"Mtachoka!" akaita. "Wewe Mtachoka, njoo hapa, mshenzi wewe!"

Mbwa akatokeza kichwa kwenye mihogo, pua imejaa mchanga, akatulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ndani, juu kwenye mtambaapanya, ule mti mrefu uliolala juu ya ukuta kushika paa, paka alikuwa amekaa amekunja mikono. Alimtazama Lewa kama anayejua ndara iko wapi na ameamua kutosema.

Mbwa alikuwa na jina kwa sababu mbwa ni wa mtu. Ngumbao, babake Lewa, alimpa jina hilo mwaka aliokosana na jirani yake, Mzee Karisa. Karisa alikuwa amepita mangweni, huko kwenye tembo la mnazi, akisema mihogo ya Ngumbao hainenepi hivi hivi, ina mkono wa mganga. Ngumbao hakwenda kugombana. Alitafuta mtoto wa mbwa, akamwita Mtachoka, na kila magharibi akawa anasimama mpakani anamwita mbwa wake kwa sauti ya kwaya. Karisa naye akafuga wake, akamwita Ndio Kwanza. Huko kwao watu hupelekeana maneno namna hiyo, na hakuna wa kukushtaki kwa kumwita mbwa wako. Basi jua likizama kijiji kizima kinasikia "Mtachoka!" huku, na "Ndio Kwanza!" kule. Mbwa wenyewe wakawa marafiki, na wazee wakabaki wanaita kwa mazoea.

Paka hakuwa na jina. Paka haitwi. Alikuja mwenyewe wakati nyumba inaezekwa, akapanda juu kabla makuti hayajaisha, na hakuna aliyemleta wala aliyemkaribisha. Ukitaka kumwambia jambo, ulisema tu huku umetazama juu.

Hao wawili walikuwa wezi wa kupangana. Hawe Kaviha, ndiye nyanyake Lewa, maana kwao nyanya huitwa hawe, alikuwa anapika muhogo wa nazi kwenye mafiga. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, dari la fito la kuwekea mahindi yapate moshi yasibunguliwe, na uchagani ndiko paka alikolala. Hawe akitoka kwenda kuchuma mchicha, paka anashuka, anasukuma kifuniko cha sufuria kwa mkono mmoja, pole pole, mpaka kinaanguka. Mbwa akisikia kile kishindo anaingia kwa mlango wa jikoni, anachukua kipande kimoja, anatoka. Siku zote kimoja. Paka muhogo hali. Lewa hakuwahi kujua yeye alikuwa anapata nini kwenye biashara ile.

"Wezi wangu washakula?" Hawe alikuwa anauliza akirudi.

"Washakula, hawe."

"Haya, na nyinyi njooni mle."

Hawe alikufa mwaka wa ukame, wakaenda kumzika kwao Kaloleni. Mwiko wake ukabaki umechomekwa kwenye makuti ya jikoni, na hakuna aliyeutoa.

Sasa tingatinga lilikuja na gari la askari nyuma yake, na vijana waliovaa fulana za rangi moja. Mtu mmoja mwenye karatasi mkononi akasema ardhi hiyo ina mwenyewe, mwenyewe yuko Nairobi, na ana hati. Ngumbao akasema na yeye ana nyumba. Yule mtu akasema nyumba ndiyo iliyowaleta.

Wakapewa muda watoe vitu. Kafedha, mamake Lewa, akatoa sufuria, mtungi, picha ya harusi na kuku. Lewa akabeba godoro. Mzee Karisa akavuka mpaka bila kuitwa, akashika kabati upande mmoja na Ngumbao upande wa pili, na hawakuwa wameshika kitu pamoja tangu yale maneno ya mihogo. Nyumba ya Karisa ilikuwa ya pili kwenye foleni.

Mashine ilipowashwa mbwa akaenda kulala mbele yake, maana hapo alikuwa na kitu amefukia.

"Mtachoka!" Ngumbao akaita. "Mtachoka! Mtachoka!"

Dereva akazima mashine, akatoa kichwa. "Mzee, mimi natumwa tu. Usinitishe."

"Namwita mbwa."

"Haya, aje basi."

Mbwa akaja. Paka naye akaambiwa na Lewa, huku ametazama juu, kwamba atoke, nyumba inavunjwa. Paka akafumba macho.

Ukuta wa mbele ulikwenda kwanza, wa pembeni ukafuata, na makuti yakashuka kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Vumbi lilipotulia, mtambaapanya ulikuwa chini umekatika vipande viwili, na paka alikuwa juu, hewani, kimo kile kile, anajilamba mguu. Akamaliza mguu. Akatembea mpaka mwisho wa mti ambao haupo, akakata kona, akarukia uchagani, akajikunja alale. Mkia ukaning'inia.

Dereva akamtazama. "Na huyo je?" akamwuliza mwenye karatasi.

"Nyumba imeanguka?"

"Imeanguka."

"Basi. Twende ya pili."

Mpaka jioni walishaparura shamba zima. Minazi iling'olewa, mawe ya msingi yakabebwa na lori, kikamwagwa kifusi chekundu kikashindiliwa mpaka pale mahali pakawa laini kama sinia. Ndara ya kushoto ya Lewa ilibaki chini yake. Usiku ule alilala kwa mtu na ndara moja.

Walipata chumba Maweni, nyuma ya soko la Kongowea, kwa Mwinyihaji, mzee wa mjini mwenye kikoi safi na maneno yasiyo na haraka. Lewa alikuwa tayari anasukuma mkokoteni pale sokoni, vitunguu kutoka malori ya bara kupeleka vibandani. Angalau yeye alipunguziwa safari. Mwinyihaji aliwapokea vizuri, akawasaidia hata kuingiza kabati. Kisha akamwona mbwa.

"Huyu asivuke kizingiti, tafadhali. Mie nasali humu."

"Atalala nje," Ngumbao akasema.

"Na paka hamna? Nyumba hii ina panya, wallahi, ukiwatolea salamu wanajibu."

"Yuko," Kafedha akasema. "Amekataa kuhama."

Mwinyihaji akatikisa kichwa. "Nyinyi watu. Wa kuja naye mumemwacha, wa kumwacha mumekuja naye."

Mzee Karisa alipanga vichochoro viwili mbele. Ndio Kwanza alikuwa amepotea siku ya kuhama, lakini magharibi ikifika, Ngumbao akisimama mlangoni akaita "Mtachoka!", kutoka upande wa pili wa mabati sauti inajibu "Ndio Kwanza!" Watu wa Maweni mwanzoni walidhani ni ugomvi. Baadaye wakawa wanateleka chai kwa kufuata hizo sauti.

Lakini Ngumbao mwenyewe hakuwa mtu. Alikula tonge mbili, akasema ameshiba. Alikaa kwenye kigoda akitazama ukuta wa jirani kama anasubiri ufunguliwe. Kafedha alibadilisha mboga, akapika samaki wa kukaanga, akapika kunde za nazi, na mumewe alikuwa anasema asante na kusogeza sahani. Kwa mtu wa maneno mengi kama Ngumbao, asante tupu ilikuwa inatisha.

Mbwa alikuwa na ratiba yake. Asubuhi Lewa akitoka na mkokoteni naye anatoka, anashika barabara ya Bamburi, haonekani tena mpaka jioni. Siku moja alirudi na kipande cha muhogo mdomoni. Kutoka Mwakirunge mpaka Maweni ni mwendo wa kumchosha hata mbwa, lakini muhogo ulikuwa unafuka moshi, na tui lilikuwa linadondoka. Akauweka miguuni pa Ngumbao, akakaa.

Kafedha akainama akanusa. "Huu mkono wa mama mkwe," akasema. "Bado anazidisha chumvi."

"Hazidishi. Wewe ndiye huweki."

Ngumbao akapangusa mate ya mbwa kwa pindo la shati, akala kipande chote. Kisha akaomba maji. Tangu wahame alikuwa hajamwomba mkewe kitu chochote. Kafedha akayaleta, akasimama pale pale mpaka bilauri ikaisha.

Ikawa hivyo kila jioni. Kipande kimoja, siku zote kimoja. Mara moja mbwa alileta mwiko wenyewe, umeganda tui, na Kafedha akamgombeza. Akauosha, na asubuhi akamrudishia mdomoni. "Urudishe sasa hivi. Yeye atapikia nini?" Mbwa akaurudisha.

Jumapili moja Lewa alimfuata. Njiani mbwa aliiba hamri kwenye meza ya mama mmoja, akagombana na beberu, akakojolea bango jipya la kuuza ploti, na kwa kila kosa alimtazama Lewa kama vile ndiye aliyemtuma. Walipofika Mwakirunge wingu lilikuwa limeshuka. Shamba lilikuwa tupu, limezungushiwa vigingi na waya. Katikati, kwenye kimo cha dirisha, paka alikuwa amekaa hewani anatazama nje.

Mbwa hakukatiza. Alizunguka mpaka pale palipokuwa na mlango, akaingia, akaupita mtungi wa maji ambao sasa uko Maweni, akageukia jikoni. Paka akatoka dirishani, akapita juu. Lewa akasikia kishindo cha kifuniko. Mbwa akatoka na muhogo.

Lewa akavua viatu vyake vya kanisani, akaviacha kizingitini. Akapiga hodi, maana hata nyumba ya kwenu ukikaa sana bila kurudi unapiga hodi, kisha akaingia. Mvua ikaanza. Akasimama pale palipokuwa kitanda chake, akanyoosha mkono kutafuta ukuta, hakuupata. Hakusikia moshi. Hakusikia mtu. Maji yalimpiga utosini, yakashuka mgongoni, yakaingia kwenye suruali. Mbele yake, juu kidogo, paka alikuwa mkavu. Manyoya yake yalikuwa yamefura kwa joto la jikoni.

Lewa alielewa papo hapo. Yeye alikuwa ametoka. Siku ile alibeba godoro kwa mikono yake mwenyewe, hakuna aliyemshika. Mbwa huja na mtu na huenda na mtu, hana mlango unaomdai. Paka peke yake ndiye hakuwa ametoka, na nyumba ilikuwa imebaki kwa kadiri yake: ukubwa wa paka, basi.

"Baba anakula siku hizi," Lewa akasema, akitazama juu.

Paka akapiga miayo.

Viatu alivikuta pale pale. Mbwa hakuvigusa. Viatu vya kamba havikuwahi kumvutia.

Ni Mzee Karisa aliyesema waende wakalalamike ofisi ya ardhi. Alisema yeye kwake hakuacha hata kuku wa kushuhudia, lakini Ngumbao ana shahidi amekaa pale, hali chakula cha mtu, haombi nauli. Wakaenda, wakarudishwa, wakaenda tena, mpaka ofisi ikakubali kutuma afisa akaone shamba kwa macho yake.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye koti lililomkaa vibaya kwa joto. Upande wa pili alikuja wakili wa mwenye hati. Afisa akaeleza ili kila mtu asikie. Ikithibitika hapo palikuwa na nyumba ya hawa watu, hati itasimamishwa, na wao watarudi wajenge. Ikiwa palikuwa msitu, basi ni msitu wa mwenye hati, na yeye afanye apendavyo.

"Palikuwa msitu," wakili akasema. "Hapajakaa mtu."

Lewa akatoa simu akaonyesha picha: nyumba, Hawe mlangoni, mbwa na ndara mdomoni.

"Nyumba za makuti Pwani ni nyingi," wakili akasema. Afisa akakubali kwamba ni nyingi.

"Na paka?" Kafedha akauliza.

Wote wakatazama juu. Paka alikuwa dirishani. Afisa akatoa futi ya chuma, akapima kutoka ardhini mpaka pale paka alipokalia, akasema ndiyo, hicho ni kimo cha dirisha. Paka akainuka akapita mtambaapanya, na afisa akamfuata kwa chini, kila kona anachomeka kijiti. Kafedha alikuwa anatembea nyuma yake akisema: hapa sebuleni, hapa chumbani kwetu, hapa kwa mama mkwe, hapo usikanyage pana mtungi. Wakili alikuwa amesimama katikati ya ukuta. Paka akamfokea, wakili akasogea.

Saa sita ilikuwa imefika. Mbwa akapita katikati yao akaingia jikoni, kifuniko kikaanguka, akatoka na muhogo. Siku hiyo hakumpelekea Ngumbao. Aliuweka mbele ya viatu vya afisa. Afisa, ambaye alitoka mjini bila kunywa chai, akauokota, akaupangusa, akaumega.

"Nazi imekolea," akasema. Akatafuna. "Chumvi imezidi kidogo."

Kafedha akamtazama mumewe. Ngumbao akatazama pembeni.

"Hilo la muhogo tusiliandike," afisa akasema. Akajipangusa mkono. "Nyumba naiona. Sina ubishi nayo. Sasa kilichobaki ni kuiunganisha na nyinyi. Mzee, huyu paka ni wako?"

Ngumbao alifikiri kama mtu aliyeulizwa kuhusu mvua.

"Sio wangu."

"Wa mama? Wa kijana?"

"Sio wetu sisi. Paka ni wa nyumba."

"Anaitwa nani?"

"Haitwi."

"Afisa, huyo paka wetu!" Lewa akaruka. "Nimekua naye! Muulize mtu yeyote!"

"Lewa." Ngumbao hakupandisha sauti. "Ulimtoa wapi? Ulimpa jina gani?"

Jua lilikuwa linachoma. Mzee Karisa alikuwa nyuma anamfanyia Ngumbao ishara kwa macho, kwa mdomo, kwa fimbo. Afisa akashusha kalamu. Ilionekana kwamba muhogo ulikuwa umemkaa vizuri, na alitaka kusaidia.

"Mzee, nakuuliza mara ya pili. Na nakuomba unisikilize namna ninavyouliza. Ukisema ni wenu, mimi nina pa kuanzia. Ukisema si wenu, sina. Huyu paka ni wenu?"

Juu, paka alikuwa ameacha kujilamba. Masikio yamesimama wima, yameelekea kwa Ngumbao.

"Ni wa nyumba," Ngumbao akasema.

Kafedha akajifunga leso upya, pole pole, akaenda kusimama karibu na waya. Wakili akakohoa. Akasema kwa heshima kwamba basi mambo yamejinyoosha yenyewe: paka ni wa nyumba, nyumba iko kwenye ardhi, ardhi ni ya mteja wake. Kwa hiyo paka ni wa mteja wake, pamoja na hiyo nyumba, kama ipo. Afisa akaona maneno hayo yana mashiko. Akaandika.

"Ngumbao wewe!" Karisa akasema walipofika barabarani. "Mimi pale ningesema hata simba ni wangu! Ningesema nimemzaa!"

"Najua ungesema."

"Na ile mihogo je? Nayo ungeikana?"

"Mihogo nilipanda."

Karisa akatema mate, akawaacha, akatangulia. Lewa alitembea na babake, mbwa akiwakatiza miguuni. Karibu na Kiembeni akashindwa kujizuia.

"Baba, neno moja tu. Neno moja."

"Nalijua hilo neno."

"Sasa?"

"Masikio yake uliyaona?" Ngumbao akasimama. "Alikuwa ananisikiliza. Ningesema wangu, angekuwa wangu. Mnyama wa mtu hufuata mtu. Angeshuka pale, akaja Maweni kukamata panya wa Mwinyihaji. Na akishashuka yeye, pale kuna nini?"

Lewa alitaka nyumba irudi, hata kama haina paka. Babake alitaka iwepo. Hayo ni mambo mawili, na njia yote iliyobaki hawakuyasogeza karibu.

Uamuzi ulitoka ulivyotoka. Vigingi vikawa ukuta wa mawe, ukuta ukawekewa geti, na ndani likajengwa godauni la mabati la kuwekea mchele wa meli. Waliojenga walimkuta paka, wakapitisha nguzo pembeni yake. Kazi ya kupakua ilipotangazwa, Lewa akaenda kuomba.

"Utawafanyia kazi wale?" Kafedha akauliza.

"Nitakuwa karibu," Lewa akasema.

Msimamizi wa wapakuzi alikuwa Oduor, kijana wa bara, mwenye kelele na roho nzuri. Siku ya kwanza alimtembeza.

"Sikiza, bro. Hapo katikati usikatize na gunia. Unaona huyo paka juu? Hapo ni kwa nyumba. Ukipita kwa ukuta anakupigia kelele mpaka jioni. Tumia mlango, ama uzunguke."

"Mlango uko wapi?" Lewa akauliza, asikie atajibiwaje.

"Hapo, katikati ya hizo nguzo mbili. Story yake mi siijui. Nilimpata tu hivyo. Utazoea."

Magunia yalipangwa mpaka karibu na dari pande zote, na katikati ikabaki nafasi tupu yenye umbo la vyumba na jiko. Mwenye mali alikuja mara moja kutoka Nairobi na wageni wake. Aliuliza nafasi ile ni ya nini, akaambiwa ni ya paka, na tangu paka awepo hakuna gunia lililotobolewa na panya. Alifurahi sana. Akaagiza apewe maziwa.

"Ni paka wangu," akawaambia wageni, akinyoosha kidole juu.

Lewa alikuwa amesimama na gunia begani. Alitazama masikio. Hayakusimama.

Maweni mambo yalibaki vile vile. Magharibi wazee wanaitana kwa mbwa, mmoja yupo na mmoja hayupo. Ngumbao anakula muhogo wake, kisha anakula na wa Kafedha kidogo, na hujasikia mtu akisema chumvi. Mwinyihaji ameacha kuuliza kuhusu paka, lakini ameanza kumwekea mbwa maji nje ya kizingiti, kwenye kopo lake peke yake.

Mchana, wenzake wakienda kununua chakula nje ya geti, Lewa huingia na sahani yake pale katikati. Anavua ndara kizingitini, anakaa kwenye saruji pale palipokuwa kitanda chake, anakula. Hakuna anachokisikia zaidi ya mabati kutanuka kwa jua. Siku moja kifuniko kilianguka jikoni, mbwa akampita na muhogo unafuka moshi, na Lewa akajikuta anauliza kwa sauti.

"Wezi washakula?"

Alisubiri kidogo, akamaliza sahani, akaenda kuvaa. Ndara ya kulia ilikuwa pale. Ya kushoto haikuwepo. Alitazama nyuma ya magunia, akatazama kila kona, na wakati huo mbwa alikuwa amekaa karibu na mlango mkubwa anamsubiri, muhogo mdomoni, pua imejaa mchanga, ijapokuwa godauni zima lina sakafu ya saruji. Juu, paka alikuwa amekunja mikono. Alimtazama kama anayejua.

Jioni Lewa alitoka na ndara moja. Mlinzi wa geti alikuwa na amri ya kumpekua kila anayetoka, asije mtu akabeba mali ya mwenyewe. Mbwa hapekuliwi. Mbwa alipita, muhogo unafuka, akashika njia ya Kiembeni. Lewa akainua mikono. Mlinzi akampapasa mifuko, akamgeuza, akampapasa mgongo, akatazama chini.

"Ndara nyingine iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

Mlinzi akautazama ule mguu mtupu. Kisha akaona ni kweli, hana alichobeba, akamfungulia geti.